Hajakata Kauli: Maneno ya Kiharusi Kutoka Ngara na Biharamulo

Ngara kwetu, mtu akitoka chumbani na kusema, "Mzee amekata kauli," hakuna anayekimbilia gari. Wanawake huteka maji, kijana hutumwa mgombani kuwaita ndugu, na mwenye salio huanza kuwapigia simu watoto walioko Mwanza na Dar es Salaam. Neno hilo kila mtu analielewa. Kukata kauli ni kizingiti cha mwisho: mtu amekwisha kusema yake, kilichobaki ni kumkalia karibu na kumwombea.

Ndivyo tulivyomfanyia jirani yetu mmoja. Alikutwa alfajiri mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea, na kinywani halitoki neno. Tukamkalia. Gari lilitafutwa saa 8 mchana, baada ya mwanawe kupiga simu mara ya tatu akiuliza kwa nini baba bado yuko nyumbani. Mzee yule hakufa. Aliishi miaka mingine sita, akitusikia, akitambua sauti zetu, akicheka pale pa kucheka, ila neno alilolitaka halikumjia. Alikuwa hajakata kauli hata kidogo. Sehemu ya ubongo inayotafuta maneno ndiyo iliyokosa damu. Sisi tuliompenda ndio tuliomchelewesha, na tulimchelewesha kwa neno.

Neno hilo nilikwenda nalo kwenye mkutano wa madaktari na wauguzi kuhusu kiharusi, nilikoitwa kusaidia ukalimani, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Vielelezo vilikuwa vya Kiingereza, vikionyesha picha za ubongo na majedwali ya dawa. Kila wakati wa maswali ulipofika, aliinuka muuguzi wa kutoka wilayani na kuuliza swali lilelile kwa namna nyingine: "Hili nikamwambieje mama aliyemleta mumewe kwa bodaboda?" Makala haya ni jibu langu kwake, neno baada ya neno.

Tuanze na jina la ugonjwa. Kamusi huliandika kiharusi, na pia kiarusi. Limo katika ngeli ya KI-VI, ngeli ambayo Kiswahili kimeifanya wodi: kifafa, kifaduro, kipindupindu, kichocho, kichomi, kifua kikuu, kisukari, kizunguzungu. Majina hayo mengi yana picha ndani yake. Kifafa kina kufa, kwa kuwa mtu huanguka kama mfu. Kipindupindu kina kupindua. Kisukari kina sukari. Na katika kiharusi sikio la Mswahili halikosi kusikia harusi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni bibi harusi. Bibi mmoja wa Biharamulo alinifafanulia hivi: "Mwanangu, mgonjwa huyo huketishwa kama bibi harusi. Hali asipolishwa, hainuki asipoinuliwa, na ukimsemesha hajibu." Hayo ni maelezo ya sikio, na sikio nalo lina haki yake katika lugha.

Mataifa mengine yalimtazama mtu yuleyule aliyelala chini, kila moja likaona lake. Wagiriki wa kale, tangu enzi za Hipokrati, waliuita ugonjwa huu apopleksia, yaani kuangushwa kwa pigo. Wajerumani na Waingereza hadi leo huutaja kwa maneno yenye maana ya pigo, na Waingereza wa zamani walimtaja hata mpigaji: pigo la mkono wa Mungu. Waarabu huuita sakta, kunyamaza kwa ghafla. Mgiriki aliona pigo, Mwarabu akasikia kimya, bibi wa Biharamulo akaona mtu aliyeketishwa. Katika majina hayo yote ubongo haumo. Mwaka 1658 ndipo Johann Jakob Wepfer, daktari wa Schaffhausen, Uswisi, alipochapisha aliyoyakuta katika kupasua maiti: damu iliyovuja ubongoni, au njia ya damu iliyoziba. Hata Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi liliuhesabu miongoni mwa magonjwa ya mzunguko wa damu, mpaka toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililotolewa mwaka 2018, lilipouhamishia kwenye magonjwa ya mfumo wa fahamu. Njia ya kutoka kwenye pigo hadi kwenye ubongo imechukua zaidi ya miaka 2,000, na imepitia kwa wasomi wakubwa. Basi wazee wetu wasilaumiwe kwamba hawakuiona peke yao.

Jina letu, kiharusi, lina vitenzi vyake. Mtu hupata kiharusi, hupatwa nacho, au hupigwa nacho. Kupigwa kunadai mpigaji, na hapo ndipo upepo mbaya, jini na jirani mwenye kijicho hupata nafasi. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha maelezo ya watu wa Dar es Salaam na ya watu wa vijiji vya Hai, Kilimanjaro. Dar es Salaam ndiko wengi walikotaja mashetani na uchawi. Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Anayedhani ushirikina ni wa kijijini na maarifa ni ya mjini ana la kujifunza hapo. Tena ni katika sehemu hizohizo mbili, Hai na Dar es Salaam, ambako kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi mtaa kwa mtaa. Baada ya kusawazisha umri, walipata wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha jiji letu kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Ugonjwa mkubwa kiasi hicho hauhitaji mpigaji. Mimi sasa nasema "amepata kiharusi", na nawaomba wauguzi waseme vivyo hivyo.

Nimesema viharusi, kwa wingi, na nina sababu. Tumezoea kulitaja neno hili kwa umoja, kana kwamba adui ni mmoja, kumbe ni wawili. Kuna kiharusi cha kuziba, damu inapoganda na kufunga njia. Kuna kiharusi cha kuvuja, njia inapopasuka na damu kumwagika ndani ya kichwa. Kwa nje wanafanana: mdomo uleule uliopinda, mkono uleule uliolegea. Ila dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayoweza kumwokoa mgonjwa wa kwanza, inaweza kumuua wa pili. Daktari mwenyewe huwatenganisha kwa picha ya CT-Scan, si kwa macho. Kwa hiyo asprini anayopewa mgonjwa nyumbani kwa nia njema ni kamari. Uji nao ni hatari, kwa kuwa koo linaweza kuwa limelegea, na mgonjwa akapaliwa. Kupaliwa! Madaktari walihangaika dakika kadhaa wakitafuta namna ya kusema kwa Kiswahili kwamba chakula kimeingia njia ya hewa, na neno limo vinywani mwetu tangu utotoni.

Kuna na kile kinachopita haraka, na hiki ndicho tunachokiita vibaya kuliko vyote. Mtu anapinda mdomo kwa dakika 10, kisha anarudi sawa na kwenda shambani. Tunasema alipata "kiharusi kidogo". Neno kidogo linamtuliza mgonjwa na nyumba yake. Kumbe hatari ya kiharusi kamili iko juu sana katika siku chache zinazofuata, na huo ndio wakati ambao daktari ana nafasi kubwa ya kukizuia. Napendekeza tukiite kiharusi cha onyo. Mtu aliyepewa onyo huuliza afanye nini, na aliyeambiwa ni kidogo hurudi kwenye jembe lake.

Sasa tushike mshipa. Kiswahili kinalitumia neno hili moja kwa njia ya damu iendayo, njia ya damu irudiyo, uzi wa fahamu, na hata kano. Watu husema mshipa umekaza, mshipa umesimama, mshipa umevutika, na ngiri nayo huitwa mshipa. Vuka maporomoko ya Rusumo uingie Rwanda, au upite Kabanga uingie Burundi: neno lao ni umutsi, na limebeba mzigo uleule. Mtafsiri kijana anaweza kuona aibu na kudai kwamba lugha za Kibantu hazina usahihi. Asione aibu. Neno la Kigiriki ambalo sayansi yote imelichukua kuitia jina seli ya fahamu, nyuroni, awali lilikuwa na maana ya kano na uzi wa upinde. Wagiriki nao walikuwa na neno moja la kano na la uzi wa fahamu, wakaligawa taratibu kadiri walivyojua. Sisi tumeshaanza: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu. Kinachobaki ni muuguzi asiishie kwenye "mshipa" anapozungumza na mgonjwa. Aliyeambiwa mshipa bila ya damu wala ya fahamu atakwenda kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta, na wakati huo ubongo unakufa.

Neno lililo chanzo cha viharusi vingi ni presha. Wataalamu wametupa shinikizo la damu, neno zuri lenye picha sahihi ya kitu kinachosukuma kutoka ndani, na redio inalitumia. Mtaani presha ndiyo mshindi, nami sina ugomvi na presha. Ugomvi wangu ni na kitenzi chake. Tunasema presha imepanda, presha imeshuka, kama mgeni apandaye kilima na kuteremka. Mwenye kuamini hivyo humeza kidonge siku presha "inapopanda" na kuacha "ikishuka", naye huijua imepanda kwa kichwa kuuma. Lakini shinikizo la juu mara nyingi haliumi popote. Limo ndani kimya, usiku na mchana, likichosha kuta za mishipa ya damu. Tumwambie mgonjwa kwamba presha yake haikupanda, imehamia. Mgeni aliyehamia humsubirii aondoke mwenyewe, unajipanga kuishi naye kila siku, na kidonge chake ni cha kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ubongo haujengwi.

Nirudi kwenye kauli. Mkutanoni nilijifunza kwamba madaktari hutofautisha mambo mawili ambayo sisi tunayafunga katika tita moja. La kwanza ni ulimi mzito: mgonjwa anayajua maneno yake, ila misuli ya kinywa haitii. La pili ni kupotewa na maneno: ulimi mzima, sauti ipo, lakini njia ya kwenda kwenye ghala la maneno imekatika. Huyo wa pili anaweza kutaka maji akataja kisu, au akaelewa yote asiweze kujibu lolote. Wataalamu humwita mgonjwa wa afasia, nami nakubali neno hilo libaki katika cheti chake. Nyumbani tuseme "amepotewa na maneno". Kilichopotea hutafutwa, na mtaalamu wa kauli na ndugu wenye subira huweza kumrudishia mengi. Kilichokatwa hakitafutwi.

Saa nayo ni istilahi, na inatusaliti pasipo sisi kujua. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu hufaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze, na wa Ulaya wa mwaka 2008 ukasogeza hadi saa 4 na nusu. Wazungumzaji mkutanoni waliuita muda huo "dirisha". Kwa Kiswahili mtu anayepitia dirishani ni mwizi. Sisi tuna muhula, neno la muda uliopimwa na kutolewa kama nafasi. Muhula wa dawa, basi. Kisha mwambie mkulima wa Nyakahura kwamba muhula ni "saa nne na nusu". Atatazama jua, kwa sababu kwake saa nne na nusu ni asubuhi baada ya chai. Mwambie, "Hesabu toka alipoonekana mzima, zisipite saa nne." Hapo ameelewa kwamba tunahesabu, hatutaji saa ya ukutani. Na swali la kuuliza lisiwe "Ugonjwa ulianza saa ngapi?" kwa maana wengi hukutwa nao wakiamka. Liwe: "Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa lini?" Akijibu jogoo la kwanza, au ng'ombe walipokuwa wakitoka zizini, hilo ni jibu, na muuguzi aliandike.

Najua barabara zetu. Mgonjwa wa Ngara hufika kwanza Murgwanza, Rulenge au Nyamiaga. Wa Biharamulo hufika hospitali ya wilaya. Rufaa huweza kuwa Bukoba, au Bugando jijini Mwanza kwa kupitia Geita, na dawa ya kuyeyusha damu bado ni adimu nchini. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kufupisha barabara. Anachoweza kufupisha ni muda ule kati ya mtu kuanguka na gari kuwashwa, na muda huo unakaliwa na maneno. Hata pasipo dawa hiyo, anayefika mapema hupimwa presha na sukari, hulindwa asipaliwe, na ulemavu wake huweza kupunguzwa.

Neno lililonigusa kuliko yote mkutanoni ni penumbra. Ni Kilatini cha wanajimu, kivuli kisichokamilika wakati wa kupatwa kwa jua au mwezi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa ubongo waliliazima kuita eneo linalozunguka kiini kilichokufa: seli zake zimenyamaza, hazifanyi kazi, lakini bado hazijafa, na damu ikirudi zinaamka. Mwaka 2006 Jeffrey Saver alikadiria kwamba katika kiharusi kikubwa cha kuziba, nyuroni milioni 1.9 hupotea kila dakika. Zinapotea humo, katika kivuli hicho. Nilipoombwa kulitafsiri neno hilo nilisema: utusitusi. Ni ile saa ya jioni ambapo bado unamwona ng'ombe lakini rangi yake huitambui tena. Muuguzi mmoja akaniambia, "Mwalimu, hilo nitaweza kulisema. Nitasema ubongo wa baba una kiza katikati, na pembeni una utusitusi, tunakimbizana na usiku." Hakuna kamusi ingenipa sentensi hiyo.

Na baada ya hospitali? Zamani tulisema "kupooza" tukamaliza. Neno hilo ni kali: mapooza ni matunda yaliyonyauka na kuanguka kabla ya kuiva, yasiyofaa kitu. Mtu akiitwa aliyepooza amefananishwa na tunda la kutupwa. Wizara ya Afya imetupatia utengamao, kutokana na kutengamaa, kukaa sawa baada ya kuvurugika. Hilo ni neno la matumaini yenye kazi ndani yake: mazoezi ya viungo, kufundishwa upya kushika kikombe, kusimama, kutamka. Tuseme "yuko kwenye utengamao", na jirani ajue kwamba mgonjwa yule ana safari anayoifanya.

Mkoa wetu una ushahidi kwamba majina hubadilika na maisha yakabadilika nayo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera, katika hospitali ya Ndolage, na ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo za biashara za wakati huo. Juliana haikumwambia mtu ajilinde na nini. Ukimwi, upungufu wa kinga mwilini, uliitamka kinga, na kinga ni kitu ambacho mtu anaweza kuuliza habari zake. Na Januari 2025 Biharamulo ilipopata mlipuko wa Marburg, tulilazimika kujifunza jina la mji wa Ujerumani ambako virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1967. Jina halikutueleza lolote, ila maelekezo ya kunawa na kutogusa yalisemwa kwa maneno yetu, nayo yakafanya kazi. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huohuo.

Kipimo changu cha istilahi ya kiharusi, basi, ni kimoja: je, anayeisikia anasimama? Waingereza wanacho kifupisho cha dalili kilichotungwa Newcastle mwaka 1998, ambacho kikisomwa kama neno kina maana ya upesi. Kukitafsiri hakufai, kwa kuwa herufi zake hazihami. Mimi nimeunda chetu kutokana na neno linalojulikana hata na mtoto: AMKA. A, angalia uso: mwambie atabasamu, je, upande mmoja umeshuka? M, mikono: ainue yote miwili, je, mmoja unaanguka? K, kauli: arudie sentensi fupi, je, ulimi ni mzito au maneno yamempotea? A, anza safari. Dalili moja tu inatosha kuanza safari, na hata ikipita, safari isivunjwe.

Neno hili AMKA nalitoa kwa walimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mapadri, wachungaji na maimamu wa Ngara na Biharamulo walitumie, walirekebishe, walifundishe kwa Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza kila mmoja kwa wake. Nawe msomaji nakuomba jambo moja. Siku utakaposikia mtu anatoka chumbani na kusema mzee amekata kauli, mjibu kwa sauti nyumba nzima isikie: hajakata kauli, leteni gari.